Gari kugoma kuwaka mpakani: Tafuta chanzo kabla ya kununua spea

KWA mfanyabiashara anayevusha mizigo mpakani, hakuna sauti inayokera kama ya stata inayozunguka bila injini kuitikia. Nyaraka zimeshagongwa mihuri, ushuru umelipwa, foleni imeanza kusogea, lakini gari lililofika pale lenyewe bila shida sasa linagoma kuwaka. Nyuma ya Canter kuna makreti ya nyanya zilizoanza kuvuja maji, na mnunuzi wa upande wa pili anapiga simu kila baada ya dakika kumi.

Hapo ndipo hasara mbili hukutana. Ya kwanza ni ya muda, na kila mwenye nyanya, samaki au ndizi anaijua. Ya pili ni ya spea zinazonunuliwa kwa kubahatisha. Fundi wa kwanza anasema betri imekufa, inanunuliwa mpya. Gari linawaka siku mbili, linagoma tena. Fundi wa pili anasema ni stata, wa tatu anataka pampu ishushwe. Mwisho wa yote inagundulika kuwa kosa lilikuwa waya wa hasi ulioota kutu pale ulipofungwa kwenye injini, kazi ya kipande cha msasa na spana moja.

Makala haya yanaeleza jinsi dereva au mwenye gari anavyoweza kupunguza kubahatisha huko. Hayamfanyi msomaji kuwa fundi, ila yanamwezesha kumpokea fundi akiwa na maelezo yanayoeleweka, na kumuuliza swali moja muhimu: umejuaje kwamba ni hicho?

Maswali manne kabla ya kufungua boneti

Injini ili iwake inahitaji mambo machache tu. Lazima izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate hewa na mafuta, iweze kuikandamiza hewa hiyo ndani ya silinda bila kuvuja, na iwe na kitu cha kuwasha moto kwa wakati unaotakiwa. Kwenye petroli kinachowasha ni cheche ya plagi. Kwenye dizeli hakuna cheche. Hewa hukandamizwa mara 15 hadi 20 hivi, inapata joto la nyuzi mia kadhaa, na dizeli ikinyunyiziwa humo inawaka yenyewe. Ndiyo maana dizeli haisamehe stata inayozunguka polepole: hewa ikikandamizwa taratibu hupoteza joto na kuvuja, na mafuta yakiingia hayashiki moto.

Kabla ya kugusa chochote, jibu maswali haya manne:

1. Je, stata inazungusha injini kabisa, au inalia "ka" na kunyamaza?

2. Kama inazungusha, ni kwa kasi ya siku zote au kwa uvivu?

3. Gari linagoma lini? Asubuhi likiwa baridi, au baada ya kusimama kidogo likiwa bado la moto? Baada ya mvua? Baada ya kujaza mafuta? Baada ya kutoka gereji?

4. Wakati stata inazunguka, kuna moshi wowote kwenye bomba la nyuma? Wa rangi gani, na unanukaje?

Majibu ya maswali haya ndiyo yanayoamua upande wa kutafuta. Gari linalogoma asubuhi tu halina ugonjwa mmoja na gari linalogoma likiwa la moto tu, hata kama mlio wa stata ni uleule.

Stata haizungushi, au inazungusha kwa uvivu

Hapa tatizo ni la umeme, wala usiruhusu mtu afungue pampu ya mafuta. Washa taa kubwa za mbele, mtu mmoja asimame mbele ya gari, kisha jaribu kupiga stata.

Taa zikififia hadi karibu kuzimika, betri haina chaji ya kutosha au vichwa vyake havishiki vizuri. Taa zikibaki zinang'aa vilevile na hakuna sauti yoyote, umeme haufiki kwenye stata. Kagua fyuzi, relei, swichi ya ufunguo na waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi. Kwa gari la otomatiki, hakikisha gia iko P au N. Taa zikififia kidogo tu na ukasikia mlio mmoja wa "ka", betri inaweza kuwa nzima na kosa likawa ndani ya stata: vipande vya shaba vya solenoidi vimelika au brashi zimekwisha. Vitu hivyo mara nyingi hubadilishwa peke yake. Si lazima stata nzima inunuliwe.

Mwenye mita ya volti ana jibu la uhakika zaidi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imepungua kiasi, na ikisoma 12.0 iko karibu na tupu. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikishawaka, usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.5. Ukibaki chini ya 13 hata injini ikipewa mafuta kidogo, oltaneta haichaji au mkanda wake umelegea, na betri mpya itakufa kama ile ya zamani. Malori mengi yana betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24, hivyo zipime kila moja peke yake. Betri moja mbovu huirudisha nyuma na mwenzake.

Sasa tuje kwenye kosa linalosahaulika zaidi, waya wa hasi. Umeme wote unaokwenda kwenye stata lazima urudi kwenye betri kupitia waya huo unaofungwa kwenye injini au chasisi. Ukiwa na kutu au umelegea, betri mpya na stata mpya hazitasaidia. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzako apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, waya au viungio vyake vina kasoro. Kama huna mita, unganisha waya mmoja mnene, hata wa kuazimia chaji, kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye chuma cha injini. Stata ikichangamka ghafla, umempata mhalifu.

Usiku mmoja kwenye foleni

Madereva wengi hulala kwenye gari mpakani, na huko ndiko betri nyingi zinakokwisha bila kuwa mbovu. Hesabu yake ni rahisi. Taa mbili kubwa za wati 55 kila moja hula takriban ampea 9. Betri ya ampea-saa 70 ikiwasha taa hizo kwa saa tano injini ikiwa imezimwa, imepoteza ampea-saa 45, na haitazungusha injini ya dizeli asubuhi. Redio, taa ya ndani na simu mbili kwenye chaji vikila ampea 2 kwa jumla, kwa saa kumi ni ampea-saa 20 nyingine.

Kuna wanaodhani kuwasha injini dakika tano na kusogea mita kumi kunarudisha chaji hiyo. Injini ikiwa sailensa oltaneta hutoa umeme kidogo, na kama taa na feni zinafanya kazi, kinachobaki kwa ajili ya betri ni kidogo mno. Kila mara unapopiga stata unatoa zaidi, na dakika hizo tano hazitoshi kurudisha.

Tena, betri ya pwani ina siri yake. Joto la Dar es Salaam au Mombasa hukausha maji ya betri na kula sahani zake taratibu, lakini kwa kuwa asubuhi za pwani ni za joto, injini inazunguka kwa urahisi na dereva hashtuki. Gari hilo likipanda hadi Makambako, Mbeya na Tunduma kati ya Juni na Agosti, au likaelekea Kabale na Kisoro, likalala kwenye baridi, oili inakuwa nzito na betri inatoa nguvu ndogo zaidi. Asubuhi dereva anailaumu baridi. Baridi haikuiua betri, imetangaza tu kifo kilichotokea pwani. Kabla ya safari ya nyanda za juu kagua maji ya betri, na yakipungua ongeza maji yaliyosafishwa ya betri, si ya bomba wala tindikali.

Dizeli inayogoma asubuhi

Stata inazungusha vizuri lakini injini inachelewa kushika. Hapa moshi ndio shahidi.

Kukitoka moshi mweupe unaonuka dizeli, mafuta yanafika kwenye silinda lakini hayashiki moto. Kwa magari yenye plagi za kupasha joto, kama Hiace, Hilux na pikapu nyingi za dizeli, anza na plagi hizo. Ondoa kipande cha chuma kinachoziunganisha, chukua taa ndogo ya volti 12, waya mmoja wa taa uguse chanya ya betri na mwingine uguse kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani ya plagi hiyo haujakatika. Isipowaka, imekufa. Injini ya silinda nne yenye plagi mbili zilizokufa bado itawaka pwani, lakini Njombe itamtesa mwenyewe. Kama plagi zote ni nzima, angalia iwapo relei inazipelekea umeme unapozungusha ufunguo.

Pasipotoka moshi wowote wakati stata inazunguka, mafuta hayafiki. Kagua kwanza vitu vya aibu: mafuta kwenye tangi, chujio lililoziba, solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu isiyopata umeme. Kisha angalia hewa. Mpira uliopasuka au klipu iliyolegea haivujishi dizeli nje lazima. Inaweza kuingiza hewa tu, na usiku kucha mafuta yanarudi taratibu kwenye tangi. Asubuhi stata inazungushwa muda mrefu, injini inashika kwa kukohoa, inatulia, na siku nzima haina neno.

Kipimo chake hakina gharama. Asubuhi kabla ya kupiga stata, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli. Kama ni laini na inahitaji kubonyezwa mara nyingi hadi iwe ngumu, kisha injini ikawaka mara moja, tatizo ni hewa au vali ya kuzuia mafuta yasirudi. Fundi anaweza kuweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya chujio na pampu. Mapovu yakionekana, tafuteni kiungio kinachonyonya hewa upande wa tangi.

Hapo hapo chini ya chujio fungua koki ya kutolea maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Kinga kwa kopo la kioo na uangalie kama yamejitenga. Kama gari limegoma muda mfupi baada ya kujaza mafuta, hiki kiwe kipimo cha kwanza, si cha mwisho.

Dizeli inayogoma ikiwa ya moto

Hiki ndicho kisa cha mpakani hasa. Gari limepanda milima na mzigo, injini imepata moto, dereva anazima ili apeleke nyaraka dirishani. Anarudi baada ya nusu saa, stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Anangoja saa mbili, inapoa, inawaka kama hakuna kilichotokea.

Kwenye injini zenye pampu ya kimakanika, dalili hiyo mara nyingi huonyesha pampu iliyolika ndani. Dizeli ya moto ni nyepesi. Kasi ya stata ni ndogo, na mafuta mepesi yanavuja kupitia nafasi zilizolika badala ya kusukumwa hadi kwenye nozeli. Kwa kupima, lowesha kitambaa kwa maji, kamua, kiweke juu ya pampu kwa dakika kadhaa ipoe, halafu piga stata. Ikiwaka, ushahidi unaielekea pampu. Hiki ni kipimo na msaada wa kufika nyumbani, si tiba, na usiifanye kazi ya kila siku.

Kwa nini pampu hulika mapema? Pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hulainisha kidogo kuliko dizeli, hivyo dizeli iliyochanganywa nayo huisaga pampu kila kilomita. Serikali za ukanda huu zimepambana na uchakachuaji kwa miaka mingi. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya iliweka tozo ya Sh 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa tofauti ya bei inayowashawishi wachanganyaji. Hata hivyo, dumu linalouzwa kando ya barabara karibu na mpaka halina anayelipima. Anayeokoa shilingi chache kwa lita anaweza kuwa anakopa kutoka kwenye pampu yake, na deni hilo hudaiwa siku ya mzigo wa haraka.

Kwa injini mpya za dizeli zinazodhibitiwa na kompyuta, dalili ya kugoma ikiwa ya moto inaweza kutokana pia na nozeli zinazovujisha mafuta ya kurudi, au sensa ya kusoma mzunguko wa injini inayoshindwa ikipata joto. Kwa magari haya onyo ni moja: usilegeze mabomba ya nozeli kutoa hewa kama ilivyozoeleka kwenye injini za zamani. Msukumo ndani yake unazidi baa 1,000, na mnyunyizo wake unapenya ngozi ya mkono. Jeraha la namna hiyo linaweza kuonekana kama tundu dogo tu huku likihitaji upasuaji wa haraka.

Gari la petroli

Kwa Noah, Probox na wenzao, fungua ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usipige stata, usikilize upande wa tangi. Magari mengi ya petroli yenye nozeli huendesha pampu ya mafuta kwa sekunde mbili hivi, na utasikia "zzz" kisha kimya. Mengine hungoja hadi stata izunguke, basi ulizia tabia ya gari lako likiwa zima. Kama ilikuwa ikisikika na sasa haisikiki, kagua fyuzi na relei ya pampu kabla ya kushusha tangi.

Pampu ikifanya kazi, toa plagi. Iliyolowa petroli inasema mafuta yanafika lakini cheche hakuna au ni dhaifu. Iliyo kavu kabisa baada ya kuzungusha sana inasema mafuta hayafiki. Iliyojaa masizi meusi makavu inasema mafuta ni mengi kuliko hewa, na chujio la hewa liangaliwe. Usishike waya wa plagi kwa mkono stata ikizunguka. Umeme wake ni wa maelfu ya volti.

Kama umezungusha sana na kuna harufu kali ya petroli, injini imelewa. Kanyaga mafuta hadi chini usiachie, kisha piga stata kwa sekunde chache. Kwenye magari mengi ya nozeli kompyuta hupunguza au kukata mafuta ukifanya hivyo, na silinda hukauka.

Gari linalogoma baada ya mvua huelekeza kwenye nyaya za plagi, koili au distribyuta yenye unyevu. Linalogoma asubuhi tu linaweza kuwa na sensa ya joto la maji inayoidanganya kompyuta kuwa injini ni ya moto. Na taa ya ufunguo ikimetameta kwenye dashibodi stata ikizunguka, huenda gari halijautambua ufunguo. Jaribu ufunguo wa akiba kabla ya kumwita fundi.

Kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta kinasaidia, ila kisifanywe hakimu. Namba ikitaja sensa fulani, maana yake njia ya sensa hiyo ina tatizo: inaweza kuwa sensa, waya uliokatwa na panya, au soketi iliyoingia maji.

Ukisikia mzunguko si wa kawaida

Injini inayozunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina kitu ndani, inaweza kuwa imekata mkanda wa taimingi. Acha kupiga stata mara moja, kwa sababu kwenye injini nyingi pistoni zitagonga vali. Injini inayozunguka kwa mdundo usio sawa, mizunguko mitatu mizito na mmoja mwepesi, ina silinda inayovujisha. Hapo hakuna betri wala nozeli itakayosaidia hadi kompresheni ipimwe. Ikiwa gari pia linakula oili na linatoa moshi mwingi kwenye mdomo wa kuwekea oili, jiandae kwa habari ya ringi.

Mambo yanayogeuza tatizo dogo kuwa kubwa

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 hadi 15 mfululizo. Pumzika angalau dakika moja, la sivyo utaiunguza stata iliyokuwa nzima.

Usiazime chaji ya lori la volti 24 kwa gari la volti 12. Msaada huo wa jirani kwenye foleni unaweza kuchoma kompyuta na oltaneta, hata kupasua betri. Kwa betri za volti sawa, anza kwa kuunganisha chanya na chanya, kisha hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho iguse chuma cha injini mbali na betri iliyokufa. Betri hutoa gesi inayoshika moto, kwa hiyo hakuna sigara wala kibiriti karibu.

Usimwagie petroli au kunyunyizia dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa ya dizeli yenye plagi za joto. Inaweza kulipuka kabla ya wakati, ikavunja ringi au pistoni.

Usisukume gari la otomatiki ukitarajia liwake. Kwa gari la manyueli, pakua watu, hakikisha mbele hakuna mtu wala gari, na kumbuka breki na usukani huwa vizito injini ikiwa imezima.

Mzigo, lakiri na spea za ng'ambo

Gari likigoma njiani likiwa na mzigo wa transiti uliofungwa lakiri, usikate lakiri wala kuhamishia mzigo kwenye gari jingine kwa kuhurumia nyanya au muda. Toa taarifa kwanza kwa forodha na kwa wakala wako, ombi la kuhamisha mzigo lifanywe mbele yao. Fanya hivyo mapema pia kama kibali cha muda cha gari lako katika nchi jirani kinakaribia kuisha. Kibali kilichokwisha gari likiwa gereji bado ni kibali kilichokwisha, na maelezo hupokewa vizuri zaidi yakitolewa kabla.

Kuna pia wanaovuka kununua stata au pampu upande wa pili na kushangaa wakidaiwa ushuru. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Stata iliyotumika kutoka Japani haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imelala dukani kwenye mji wa mpakani. Chukua risiti na uitangaze. Ndiyo sababu nyingine ya kupima kwanza: spea isiyo sahihi utakuwa umeinunua na kuilipia ushuru.

Cha kubeba na cha kumwambia fundi

Mfuko mdogo unatosha: mita ya volti ya bei nafuu, taa ndogo ya majaribio yenye nyaya mbili, nyaya za kuazimia chaji, spana za namba 8, 10, 12 na 14, msasa, fyuzi za akiba, chujio la dizeli la akiba, klipu mbili za mpira na kopo la kioo.

Fundi akifika, usimwambie "gari haliwaki, angalia betri." Mwambie ulichokiona: "Linagoma asubuhi tu, stata inazunguka kwa kasi, hakuna moshi, nikibonyeza pampu ya mkono mara ishirini linawaka." Fundi mzuri akisikia hivyo ataishika njia ya mafuta kabla ya kushika pochi yako. Na asiye mzuri atajua kwamba anazungumza na mtu aliyekwisha kupima.

Kama ni lazima spea inunuliwe, omba ile ya zamani uione na uelezwe imekufa wapi. Kipande cha shaba kilicholika, plagi isiyowasha taa, mpira uliopasuka, vyote vinaonekana kwa macho. Kisichoonekana, kipimwe mbele yako. Kuwahi ni kuzuri, lakini mpakani anayepoteza dakika ishirini kupima mara nyingi huvuka kabla ya yule aliyekimbilia dukani.